Nilivyovaa Kizibao cha Netiboli

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Karakana yangu iko Majengo, hapa Songea mjini, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na kazi zangu kubwa ni mageti, grili za madirisha na matela ya pawatila, zile trekta ndogo za mkono. Naanza na kazi kwa sababu kazi ndiyo iliyonipeleka uwanjani. Nisingekuwa fundi, mpaka leo ningekuwa nakaa kwenye benchi la mbao kila jioni nikitazama wengine wakicheza.

Masika yalikuwa yanaelekea kwisha. Mwanamke mmoja, muuguzi wa zahanati, aliingia karakana akiwa bado na sare yake nyeupe, akasimama mbali kidogo na cheche. Nilimfahamu. Alikuwa kapteni wa timu ya netiboli ya mtaa wetu, timu ambayo mke wangu naye alikuwa anaichezea. Magoli yao ya zamani yalikuwa ya miti ya mikaratusi, na mti mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka ukaanguka katikati ya mazoezi.

"Fundi," akasema, "nataka nguzo mbili zenye pete. Nguzo ambazo hata ng'ombe akijikuna nazo hazipindi."

"Nitakutengenezea za kukaa mpaka wajukuu zako wacheze."

"Sitaki za wajukuu. Nataka za Jumamosi."

Jumamosi alasiri nilizipakia kwenye mkokoteni nikazipeleka. Uwanja wetu uko chini ya shule ya msingi. Sehemu yote iliyo tambarare ilikuwa ya mpira wa miguu, na wanaume ndio waliokuwa wenyewe. Netiboli walikuwa wameachiwa ukingo, kwenye mteremko, mahali ambapo mpira ukiponyoka unaviringika mpaka mtaroni na mchezo unasimama mtu akaufuate. Nikazisimamisha nguzo kwenye matairi ya gari niliyoyajaza zege, nikazitikisa kwa mabega, nikaridhika.

"Zijaribu basi," kapteni akasema, akanirushia mpira.

Niliudaka kwa mikono miwili. Nikaupandisha juu ya kichwa, nikakunja magoti kidogo, nikauachia. Ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma. Wakaniletea tena, nikafunga tena. Wanawake waliokuwa wananyoosha viungo wakaacha. Mke wangu alikuwa anafunga kamba za viatu, akainua uso.

"Baba watoto, hilo umejifunza wapi?"

Tulikuwa tumeoana miaka mingi na hakuwahi kujua. Sikumwambia kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeacha kulifikiria. Nilizaliwa Mpitimbi, mtoto wa kiume peke yangu kati ya dada, na dada zangu wote walikuwa wazimu wa netiboli. Tukitoka kupalilia mahindi, walifunga utepe wa chuma wa pipa kwenye nguzo ya banda, wakajigawa pande mbili, na kwa vile hawakutimia, mimi ndiye niliyejaza nafasi. Mikono yangu ilikuwa mirefu kuliko umri wangu. Wakaniweka nyuma nizuie. Nilijua kuruka kabla mpira haujatoka mkononi mwa mtu. Nilijua kusimama bila kumgusa. Nilikuwa hodari, nasema bila aibu.

Siku moja baba alipita na wenzake wakitoka kwenye kikao cha ushirika, wakatukuta. Mmoja wao akacheka. Baba hakucheka. Jioni aliniita akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuanzia siku ile nitacheza na wavulana wenzangu, na baada ya mavuno akaninunulia mpira wa miguu. Nikacheza. Sikuwahi kuwa mzuri. Waliniweka pembeni mahali mpira haufiki, na nilipomaliza shule niliacha, nikawa mtazamaji.

Basi Jumamosi ile walipungukiwa mtu mmoja wa kukamilisha pande mbili za mazoezi. Kapteni alinitazama, akaokota kizibao chenye herufi za mlinzi wa goli, akanitupia kifuani.

"Vaa. Tunataka mtu wa kutusumbua."

Nikavaa. Kilinibana mabegani, nikacheza mpaka jua likakaribia kuzama, na mwili ukakumbuka kila kitu. Niliruka nikauchomoa mpira hewani kama nilivyokuwa nikiuchomoa mbele ya dada zangu. Mfungaji wao alikuwa binti mdogo mdogo hivi, mwembamba, amevaa hijabu, suruali ya trakisuti na fulana ya mikono mirefu. Alikuwa ametoka upande wa Namtumbo, kwao wanalima tumbaku, na hapa mjini alikuwa anaishi kwa shangazi yake akijifunza kushona. Mipira yake ya kwanza niliizuia yote. Hakulalamika. Mpira uliofuata akaupandisha kama anataka kufunga, mimi nikaruka, yeye akausubirisha mikononi mpaka nilipotua, ndipo akafunga.

"Hiyo nzuri!" nikamwambia kwa sauti.

Akatazama pembeni, lakini nilimwona akijizuia kutabasamu.

Nikawa naenda kila siku ya mazoezi. Sikuwa mchezaji wa timu, nilikuwa mtu wa kuwasumbua tu, kama kapteni alivyosema, na hilo lilinitosha. Nikitoka karakana nimechoka na macho yananiwasha, nikifika pale uchovu unakwisha. Mke wangu nami tukawa tunarudi nyumbani pamoja tukibishana juu ya nani alisimama vibaya.

Mtaani habari ikaenea. Jirani wa karakana yangu ni fundi magari, mrefu, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani. Siku moja akiwa chini ya gari akapiga kelele, "Fundi! Sketi utaanza kuvaa lini?" Gereji nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana ukikasirika ndipo umewapa raha. Lakini usiku wake sikula vizuri. Mke wangu aliuliza nikamwambia kichwa. Haikuwa kichwa. Nilikuwa nimewakumbuka wale wenzake baba.

Asubuhi moja nikakuta wamefunga kanga kwenye mlango wa karakana, imefungwa vizuri kabisa, kama ya kumpeleka bibi harusi. Nikasimama naitazama. Mke wangu alikuwa amenisindikiza na uji, akapita mbele yangu, akaifungua, akaikunjua juani akaikagua rangi yake.

"Kanga nzuri hii," akawaambia wale waliokuwa wanachungulia toka gereji. "Ila mmeleta kipande kimoja. Leteni na cha pili, doti haijatimia."

Akaikunja akaondoka nayo. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuniletea kitu kingine.

Kilichonisumbua kweli kilikuja baadaye. Binti mfungaji aliacha kuja mazoezini. Siku ya kwanza tukadhani ana kazi. Wiki ikapita. Nilipomuuliza kapteni alisita, kisha akaniambia ukweli.

"Shangazi yake amemkataza. Amesikia kuna mwanamume uwanjani."

Mitaa yote hii, mpira wa miguu ni wetu, bao ni letu, meza ya puli ni yetu, mpaka benchi la kukalia ni letu. Wanawake walikuwa na netiboli peke yake, tena kwenye mteremko. Halafu nimeingia mimi, na binti bora kuliko wote ametoka.

"Basi mimi naacha," nikasema. "Mwambie arudi."

"Umeamua peke yako?" kapteni akaniuliza. "Yeye umemuuliza anataka nini?"

"Nitamuulizaje na hapa haji?"

"Tunakwenda kwao. Wewe, mkeo na mimi. Na vaa shati safi."

Shangazi alikuwa fundi cherehani anayeheshimika, mjane, na baraza lake lilikuwa limejaa sare za shule za watoto wa nusu ya mji. Tulimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" na kutuonyesha mkeka, lakini alinitazama mimi muda mrefu kidogo. Binti alikuwa ndani, nyuma ya mlango, na nilisikia cherehani yake ikisimama tulipoanza kuzungumza.

Kapteni alieleza. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi mchezo sikatai. Nilimruhusu mwenyewe. Lakini huyu mtoto ni amana. Mama yake amenikabidhi akiwa mzima na heshima yake, nami nitamrudisha hivyo hivyo, inshallah. Namtumbo wakisikia anarukaruka na wanaume, mimi nitawajibu nini?"

"Mama," nikasema, "ndiyo maana nimekuja. Mimi nimeacha. Aendelee yeye."

"Subiri kwanza, mwanangu." Akageuza kichwa. "Hebu njoo hapa useme mwenyewe. Najua unasikia."

Binti akatoka, akakaa karibu na mlango, macho chini.

"Shangazi, mpira naupenda," akasema. "Na huyu kaka asiache. Wale wengine wote nawafunga. Yeye ndiye anayenifanya nifikirie. Ila sitaki kusukumana naye, na sitaki watu wapate la kusema."

"Mama, kwenye netiboli kusukumana ni kosa," mke wangu akasema. "Hata kugusana ni kosa. Refa anapiga filimbi hapo hapo."

"Nionyesheni."

Basi mke wangu na kapteni wakasimama pale barazani, wakachukua robota la vitambaa likawa mpira. Mmoja akalishika juu, mwingine akanyoosha mikono kumzuia, amerudi nyuma kama sheria inavyotaka. Shangazi aliinuka, akatoa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akapima toka mguu wa huyu mpaka mguu wa yule. Alipima mara mbili, kama anayepima urefu wa gauni. Kisha akairudisha tepu shingoni.

"Hivi tu? Mbona kwenye foleni ya maji tunabanana kuliko hivi?"

Kapteni akaanza kucheka, shangazi akaangua kicheko naye, na binti akaficha uso kwa ncha ya mtandio. Tulipotulia, shangazi alitoa masharti. Siku ya mechi mwanamume akabwe na mwanamume, na binti yake akabwe na mwanamke. Mazoezi yaishe kabla ya magharibi. Na nguo za timu atazishona yeye, asije mtu kumletea binti yake kijisketi.

"Sote tutavaa suruali ndefu kama yeye," kapteni akaahidi.

"Hapana," binti akadakia, na safari hii aliinua macho. "Msivae kwa ajili yangu. Anayetaka sketi avae sketi. Rangi ndiyo iwe moja."

Ikawa hivyo. Shangazi alichagua kijani kama ya majani ya mahindi mabichi, akashona sketi, suruali, mikono mifupi na mikono mirefu, kila mtu kwa anavyotaka, na mimi nikashonewa suruali ambayo ilinikaa kuliko ya kanisani.

Sasa kapteni hakuwa mtu wa kuishia barazani. Kama mwanamume atakabwa na mwanamume, alisema, basi yawepo mashindano ambayo kila timu ina wanaume wake, na sheria ijulikane. Akaomba nafasi kwenye kikao cha kamati ya michezo ya mtaa. Niliongozana naye, nikasimama karibu na mlango. Wajumbe wote walikuwa watu wa mpira wa miguu. Akaeleza: watu saba kila upande, wanaume wasizidi wawili, mmoja alinde goli na mwingine afunge, wakabane wao kwa wao, waliobaki wote wawe wanawake. Timu zitoke mitaani na vijijini karibu na mji.

Mjumbe mmoja, nadhani kwa nia njema, akasema, "Basi ili wanawake wasionewe, goli la mwanamke lihesabiwe mawili."

"Goli ni goli," kapteni akamjibu. "Hatuombi huruma. Tunaomba uwanja."

"Uwanja mnao."

"Tunao mteremko. Tunaomba pale tambarare, mchana wa mashindano na siku mbili za wiki."

Walijadiliana kwa muda mrefu. Mtu mmoja alisema vijana wa mpira wa miguu watakasirika. Mwenyekiti, ambaye binti yake alikuwa anacheza kwenye timu yetu, alimuuliza, wakikasirika mama zao, vijana hao watakula nini siku hiyo, kikao kikacheka, na mwisho wakakubali. Tulipotoka nje kapteni alinishika mkono kwa nguvu. "Tambarare, fundi," akasema. "Umesikia? Tambarare!" Nilimwona ana machozi, mwanamke ambaye kazi yake ni kuzalisha watu.

Tukabaki na shida moja. Tulihitaji mwanamume wa pili, mrefu, wa kufunga pamoja na binti. Kila niliyemwendea alikuwa na udhuru. Jioni moja tukiwa mazoezini nikasikia sauti ninayoifahamu ikitokea kwenye benchi.

"Kwani kuna ugumu gani hapo? Pete yenyewe iko karibu hivyo!"

Alikuwa fundi magari. Kapteni akamtupia kizibao kama alivyonitupia mimi. Akaingia huku akiwapungia mkono wenzake. Akapewa mpira, akaanza kukimbia nao kuelekea golini. Filimbi.

"Kosa gani?"

"Umetembea na mpira."

Akapewa tena. Akapiga hatua nyingine ndefu. Filimbi. Mara ya tatu akasimama wima, mpira mikononi, jasho linamtoka.

"Sasa nisimame tu kama nguzo ya umeme?"

Binti akamjibu, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akizungumza na mwanamume pale uwanjani bila kuulizwa. "Ndiyo kaka. Simama, halafu tazama nani yuko wazi."

Benchi lilicheka siku ile, ila safari hii walimcheka yeye. Nilidhani hatarudi. Kesho yake alikuja kabla ya wote, akawa anajizoeza kusimama. Hatukuzungumza juu ya sketi wala kanga. Aliniomba tu nimwonyeshe namna ya kutua kwa mguu mmoja bila kuusogeza, nikamwonyesha.

Mashindano yalikuwa wakati wa kipupwe. Songea wakati huo asubuhi watu wanavaa makoti mazito, lakini mchana jua likitoka linakuwa zuri la kuota. Timu zilikuja kutoka mitaa mingine na vijiji kadhaa, wengine wamepanda lori la fuso pamoja na ngoma zao. Sisi tulifika mechi ya mwisho, na tulikutana na Maposeni. Ni wakulima wa mahindi, wana mapafu, na mfungaji wao wa kiume alikuwa jamaa mwenye mikono kama makasia.

Watu walijaa pande zote. Wengi, najua, walikuja kucheka. Tulipoingia, wanawake kwa wanaume tumevaa kijani, kukawa na miluzi. Refa akapiga filimbi, mchezo ukaanza, na baada ya dakika chache miluzi ilikuwa imegeuka. Sasa walikuwa wanapiga kelele za mpira: mkabe, rudi nyuma, huyo yuko wazi!

Yule jamaa wa Maposeni alinitesa. Robo ya kwanza alinifunga atakavyo. Nilikuwa naruka mapema, anasubiri, anafunga. Mke wangu alikuwa mlinzi mwenzangu, tunacheza bega kwa bega mbele ya goli letu. Wakati wa mapumziko akanishika kidevu akanigeuzia kwake.

"Unamtazama usoni. Usoni hakuna kitu. Tazama viganja vyake."

Nikatazama viganja. Robo iliyofuata nikaanza kuisoma mipira yake, nikaugusa mmoja kwa ncha za vidole, mke wangu akauokota, tukaenda. Sijui kama nimewahi kuwa karibu naye kama mchana ule. Hatukuhitaji kuzungumza. Nikiruka, najua yuko chini anasubiri. Akimfuata mtu, najua nafasi aliyoiacha ni yangu.

Katikati ya mchezo nilikwenda kufuata mpira uliotoka nje nyuma ya goli letu, na mtu aliyeuokota akanipa alikuwa baba yangu.

Alikuwa amevaa koti lake la misa na kofia, na mfuko wa maharage uko miguuni pake. Amepanda basi toka Mpitimbi. Mke wangu alimpigia simu na hakuniambia. Nilianza kumwamkia, hakungoja nimalize. Akaniwekea mpira mikononi.

"Wanakungoja," akasema.

Nikarudi. Macho yangu yakawa yanamrudia yeye, na mpira uliofuata ulinipita. Kisha nikakumbuka viganja, nikatulia.

Mwisho wa mchezo tulikuwa sare. Uwanja wote umesimama. Maposeni wakaja, yule jamaa akapokea, akapandisha mpira, nami nikabaki chini. Sikuruka. Nilisubiri viganja vifunguke, ndipo nikaruka, nikaupiga mpira ukamwangukia mke wangu. Akampa kapteni katikati. Kapteni akaupeleka mbele, fundi magari akaudaka ndani ya duara, karibu kabisa na pete. Wenzake wa gereji wakaanza kupiga kelele, "Funga! Funga mwenyewe!" Alisimama. Akatazama. Mlinzi wa Maposeni alikuwa ameinua mikono mbele yake, na binti alikuwa wazi upande wa pili. Akampa.

Mimi sheria hainiruhusu kuvuka theluthi yangu. Nilisimama kwenye mstari wa chokaa, mke wangu pembeni yangu, tunatazama kwa mbali kama watu wengine wote. Binti aliupandisha mpira. Mwanamke aliyekuwa anamlinda akaruka mbele yake. Binti akausubirisha, mlinzi akatua, ndipo akauachia. Ukazunguka kwenye pete, ukakaa pale juu muda ambao mimi nilikuwa sipumui, ukaingia.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa vigelegele vya shangazi. Alikuwa ameingia uwanjani kabla filimbi ya mwisho haijapigwa, na tepu ya kupimia bado iko shingoni, na refa alilazimika kumwomba atoke. Filimbi ikapigwa. Wanawake wakamzunguka binti, wakamwinua. Fundi magari alikuwa anaruka peke yake kama mtu aliyekanyaga moto, anawaambia watu wa gereji, "Mmeona pasi yangu? Mmeiona?"

Jioni baba alikula kwetu. Alikula ugali wake taratibu, akanawa, akanywa maji, na wakati wote huo hakusema lolote juu ya mechi. Mke wangu alikuwa ananitazama, nami namtazama baba.

"Ule mpira wa mwisho," akasema hatimaye, "uliusubiri vizuri. Wa robo ya kwanza uliharakisha."

"Ndiyo, baba."

"Yule jamaa wa Maposeni anaficha nia yake. Lakini ulimpata." Akasogeza sahani pembeni. "Zamani nilikutoa kwenye mchezo huu. Niliogopa watakucheka."

"Walinicheka, baba."

"Nimesikia. Na leo nimesimama katikati yao. Nimewaambia yule mlinzi wa goli ni wangu."

Akatoa simu yake ndogo mfukoni, akaishika mbali na macho, akatafuta namba ya dada yangu mkubwa. Baba akipiga simu anazungumza kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alimweleza kwa Kingoni mechi nzima toka mwanzo, nani alimpa nani, na mimi nilisimama wapi. Kutoka upande wa pili nikasikia dada akipiga vigelegele. Alipomaliza alimpigia wa pili, akaanza upya. Akampigia na wa tatu. Majirani wote walisikia, na mimi nilikaa pale kwenye kigoda nikiwaacha wasikie.

Toka wakati huo mambo mengi yamebadilika pale uwanjani. Siku mbili za wiki tambarare ni ya netiboli, na siku nyingine mabinti wanacheza mpira wa miguu, tena wengine wamejichanganya na timu za wavulana, na anayetaka kubisha anaambiwa akabishane na kapteni. Wavulana wa shule nao wanacheza netiboli, na sijamsikia mtu akiwauliza habari za sketi. Wapo watu ambao hawajapenda. Mmoja ananipita njiani bila salamu, na nimemzoea.

Binti wa Namtumbo alimaliza kujifunza kushona, akapata pia mafunzo ya urefa. Mwezi uliopita alipangiwa kuchezesha mechi yetu. Aliingia na hijabu nyeusi, saa mkononi, filimbi kwenye kamba, na hakunisalimia zaidi ya alivyowasalimia wengine. Nilikuwa nimechoka siku ile, na jamaa niliyemkaba alikuwa kijana mwenye kasi. Nikamsogelea kupita kiasi, nikauchomoa mpira, na mkono wangu ukamgusa begani. Kidogo tu.

Filimbi ikalia.

"Kugusana," akasema, amenyoosha mkono. "Kaka, rudi nyuma."

"Refa, nimemgusa kidogo sana."

"Nimeona. Rudi nyuma."

Sauti yake ilikuwa imara, macho yake yako kwangu moja kwa moja, na uwanja mzima unamsikiliza yeye. Nikamkabidhi kijana mpira, nikarudi nyuma.